Gunia Lililouzwa India Mara Kumi na Nne

Mimi ni Mutanu, karani wa kanisa letu hapa Kanyangi, na naandika haya nikiwa na hasira. Anayetafuta upole aende kwa mchungaji.

Jumapili ya mavuno, Bwana Kimeu wa ofisi ya biashara ya kaunti alitufikia na tai, laptopu na haraka. Mkubwa wake alitaka kujua, kufikia Jumatatu asubuhi, ndengu zetu, yaani choroko, zinazouzwa India zina thamani gani. Walikuwa na mwaka mzima wa kuhesabu. Haraka haina baraka, lakini kwa Kimeu ina mshahara.

Alitukuta tukinadi gunia la Kathini. Kathini ni mjane, na msimu huo shamba lilimpa magunia mawili tu. Moja lilikwenda kwa chakula na karo ya mjukuu. La pili alilileta kanisani lote, kwa sababu chifu alikuwa amemwandikisha kupata mbegu za bure za kaunti kabla ya mvua ya Novemba. Nilimwambia abakishe kidogo, akanicheka.

"Mutanu, Mungu hapewi nusu gunia."

Kwetu, kitu cha mavuno hakiuzwi mara moja. Ukikinunua, unakirudisha mbele ili mwingine akinunue, na mwingine tena, mpaka mifuko ikauke. Mwau alitoa elfu tisa, akasimama: "Hii gunia nimenunua, na nimerudishia Bwana!" Makofi. Ndeti akanunua, akarudisha. Hata Mbugua, mnunuzi wa ndengu kutoka Malili tuliyemwalika kama mgeni wa heshima, alinunua na kurudisha mara tatu, maana kina mama walimwimbia vizuri. Gunia liliuzwa mara kumi na nne bila kusogea hatua moja.

Kimeu alikuwa nyuma, akiandika kila makofi yalipolia. Ibada ilipoisha akamuuliza Mbugua ndengu anazonunua huishia wapi.

"Zangu zote huenda India," Mbugua akajibu, na hakusema uongo.

Basi Kimeu akaandika: magunia kumi na nne, India. Akaniuliza kata yetu ina makanisa mangapi. Nikamwambia thelathini na moja, nikidhani anatafuta pa kuabudu. Akazidisha. Kisha akazidisha kwa Jumapili hamsini na mbili, ingawa mavuno ni mara moja kwa mwaka.

Wiki mbili baadaye redio ilitangaza kwamba Kanyangi imeiuzia India ndengu za zaidi ya shilingi milioni mia mbili. Tulishangilia, hata mimi, Mungu anisamehe. Mkubwa wa Kimeu akapanda ndege kwenda Mumbai kuwashukuru wateja.

Oktoba, Kathini alienda kwa chifu kuchukua mbegu, akarudi mikono mitupu. Barua ya kaunti ilisema kata inayouza sana nchi za nje haipewi mbegu za bure.

"Aiya, Mutanu, ati mimi ni tajiri," akaniambia. Alijaribu kucheka, kisha akalia. Nililia naye. Ningempa mbegu zangu, lakini nami nilinyimwa: kata nzima ilikuwa imetajirika pamoja naye.

Nikaenda Kitui mjini na kitabu cha mnada kwapani. Nikamwonyesha Kimeu: gunia moja, mwenyewe mmoja. Alisoma polepole, uso ukamshuka.

"Ni ukweli, dada," akasema. "Lakini hiyo namba imeshaenda Nairobi. Nikiipunguza, itaonekana tumeanguka. Nani ataambia mkubwa tumeanguka?"

"Na Kathini atapanda nini?"

"Hiyo ni ofisi ya kilimo. Mlango wa tatu."

Mlango wa tatu ulikuwa na kufuli.

Mvua ikaja, nzuri kuliko ya miaka mingi. Shamba la Kathini, lililolimwa vizuri, lilikunywa maji yote na kuotesha magugu.

Januari, Kimeu alinipigia simu. Alikuwa na ripoti mpya, akataka kujua Kathini atauza magunia mangapi.

"Sifuri," nikamwambia. "Andika sifuri."

Nikasikia vidole vikigonga. "Kompyuta inakataa sifuri, dada. Inataka ya mwaka jana ama zaidi."

"Kwa hivyo umeandika nini?"

"Nimeongeza asilimia kumi tu," akasema, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. "Ambia huyo mama hongera."

Sikumwambia. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na bakuli, amekuja kuomba unga.