Kundi la Wazima

Nilikwenda hospitali kumkomesha mdogo wangu. Nasema wazi, maana majirani wanadhani nilikwenda kwa huruma.

Sisi wawili tunashona sare za wauguzi. Mimi napima, yeye anakata, cherehani tunapokezana. Namzungushia mteja futi, naandika vipimo kwenye kadi, naibana kadi kwa pini kwenye kitambaa. Yeye anachukua mkasi mkubwa tulioachiwa na mama, anakata kama kadi inavyosema. Wateja wananiita Pasi, eti nawaka haraka. Sikatai.

Mwaka jana mdogo wangu alipata sonona. Alilala wiki sita amegeukia ukuta, vilevile kama mama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo. Akapewa dawa, akarudi kazini, mpole mpaka unakereka. Basi na sare zikaanza kuharibika. Mara mikono mifupi kama ya mtoto, mara kiuno hakifungi. Kila sare iliporudi nilimwambia kichwa chake kimeoza. Alijibu, "Samahani, dada," akaitia kwenye gunia chini ya meza, kadi yake ikiwa bado inaning'inia.

Uvumilivu ukaniishia. Nikapata mkataji mwingine, bwana mmoja mtu mzima aliyestaafu kiwandani, nikamwambia aje Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Mdogo wangu sikumwambia neno. Nilitaka kwanza karatasi ya daktari inayosema kichwa chake hakishiki kitu, nimwekee mezani, nimnyang'anye mkasi, na asiwepo mtu wa kusema nimemwonea.

Karatasi niliijua itakakotoka. Hospitali anakotibiwa walikuwa wakifanya utafiti. Walitaka kujua kwa nini sonona huandama ukoo mmoja, damu inahusika vipi, na kwa nini wengine huwaharibia kumbukumbu. Kila mgonjwa aje na ndugu yake mzima wa kulinganishwa naye. Mzima! Nani tena kama si mimi? Nilivaa gauni la kutokea.

Wakatutoa damu. Kisha kila mmoja akaingizwa chumba chake. Daktari alinisomea maneno kumi na matano polepole: ndoo, kengele, mto, ufunguo, na mengine. Nikayarudia. Akaniuliza mambo mengine, akanichoresha mistari ya kuunganisha namba na herufi, halafu akataka yale maneno tena. Nikamtajia, nikaona nimemaliza vizuri sana. Akaniuliza nalala vipi.

"Nani analala siku hizi, daktari? Nina kazi."

"Na mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini?"

Nikacheka. Nilimwambia furaha ni ya watu wasio na mdogo kama wangu. Hakucheka. Aliandika, na wiki iliyofuata akaniita tena nitolewe damu nyingine. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani wauguzi wamemwaga ile ya kwanza.

Ijumaa tukaitwa wote wawili. Mdogo wangu alikuwa amekubali nisikie majibu yake, nami nikakubali asikie yangu, tena kwa raha zangu. Niliketi mbele na mkoba magotini, tayari kupokea karatasi.

"Mgonjwa wetu anaendelea vizuri," daktari alisema. "Baada ya nusu saa alikumbuka maneno kumi na moja kati ya kumi na matano."

"Na mimi?"

"Manne, mama."

Nikamwambia amechanganya mafaili. Akageuza faili, nikaona mwandiko wangu kwenye ile mistari. Herufi moja nilikuwa nimeirudia mara tatu, na namba mbili nimeziruka. Sikukumbuka kuziruka.

"Kuna kitu kwenye damu," aliendelea, "hupanda mwili unapopambana na maradhi. Chako kiko juu mara zote mbili, na hatujaona maradhi yenyewe. Ni kama mlinzi anayepiga filimbi siku nzima na mwizi hayupo. Kwa baadhi ya watu wenye sonona ndivyo inavyokuwa, na tunadhani ubongo nao unachoshwa na kelele hizo."

"Mimi sina sonona. Mimi nina hasira."

"Kwa wengine huja na hasira. Hulali, hufurahii, unasahau. Mama yenu aliugua, mdogo wako ameugua. Urithi peke yake hauamui, lakini unafungua mlango. Samahani, mama. Siwezi kukuweka kwenye kundi la wazima."

Nilimtazama mdogo wangu nikitegemea ashtuke. Hakushtuka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuijua.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika nilipitiliza mpaka chini ya meza, nikavuta gunia, nikamwaga sare sakafuni. Zilikuwa kumi na moja. Nikashika kadi ya kwanza. Mkono: inchi kumi na nne. Nikaipima sare. Kumi na nne. Nikaenda ya pili, ya tatu. Alikata sawasawa na nilivyoandika, zote. Kwenye kadi moja niliandika kiuno mahali pa mabega na mabega mahali pa kiuno. Mwandiko ni wangu, umenyooka, hauna wasiwasi hata kidogo.

Miezi saba nimemtukana mtu kwa makosa yangu.

"Fungua na sanduku la kadi," alisema nyuma yangu.

Nikafungua. Humo hukaa kadi za sare zilizotoka vizuri. Kadi baada ya kadi, namba yangu ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya risasi, na pembeni, kwa herufi ndogo, namba nyingine. Mwandiko wake. Alikuwa akiwafuata wateja nje kimya kimya na kuwapima upya. Nilihesabu mpaka sitini nikaacha. Zile za kwenye gunia ndizo alizokosa kuziwahi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni niliamini ni mimi. Ulisema kwa uhakika, na mimi siku zile ningeamini lolote baya juu yangu." Aliokota sare moja akaikunja. "Halafu nikaanza kuona. Unaweka maji motoni unasahau. Unalia kwenye stoo ukidhani sisikii. Niliogopa nikikuambia, na wewe utageukia ukuta. Nikasema bora uendelee kunigombeza. Mtu anayegombeza yuko macho."

Nilikaa chini palepale kwenye sare. Nililia kwa sauti, mimi Pasi, na yeye akakaa kando yangu. Baada ya muda akaniuliza kama nitakubali kuanza dawa. Nikamwambia nitakubali kama tutakwenda wote kliniki. Nikamwambia pia habari ya mkataji wa Jumatatu. Kisha akasema, "Ungempa mkasi wa mama, dada?"

Jumatatu asubuhi yule bwana alifika kabla hatujafungua madirisha, amenyoa vizuri, ana mkasi wake kwenye bahasha ya khaki. Mdogo wangu alikuwa mezani tayari. Alisimama, akafuta mkasi wa mama kwa kitambaa, akaugeuza mpini kumwelekea mgeni. Hata hapo alikuwa tayari kuubeba mzigo wangu.

"Uweke," nikamwambia. Nikamgeukia yule bwana. "Mkataji tunaye. Kupima unajua?"

"Kupima najua, mama, lakini uliniambia..."

"Nilikosea."

Nikavua futi shingoni. Imekaa hapo miaka ishirini na mbili. Nikamkabidhi, kisha nikavuta kiti karibu na meza ya kukatia, nikamuuliza mdogo wangu anataka nimshikie wapi kitambaa.