Kipimo cha Phoebe

Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Al Mansoura, huku nchi za Kiarabu, na simpendi mteja anayeniambia nishone kwa kukadiria. Nguo haikadiriwi. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaofanya kazi majumbani, na watoto wao wako Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, ambako futi yangu ya kupimia haifiki. Kwa hiyo nimewazoesha: mtoto asimame ameegemea mlango wa nyumbani, apigwe picha kutoka mbele, na mlango wenyewe upimwe. Picha naichapisha duka la jirani. Mlango wa kwenye karatasi na mlango wa kweli ni umbo lile lile, ukubwa tu ndio tofauti. Ukijua mlango wa kweli ni mara ngapi ya ule wa karatasi, basi na mtoto ni mara hizo hizo. Najisifu kwa ujuzi huu kuliko ninavyostahili.

Winfred ni Mkenya wa Mwingi, anafanya kazi kwa familia moja kule Muaither. Novemba mwaka jana aliniletea picha ya binti yake Phoebe, mtoto wa miaka saba, nimshonee gauni jekundu la Krismasi. Mlango wao una sentimita mia mbili. Kwenye karatasi ulikuwa na nane, yaani mara ishirini na tano. Phoebe alikuwa na nne nukta nne, kwa hiyo urefu wake mia moja na kumi. Gauni lilimkaa sawasawa, na Winfred alinionyesha picha zake za Krismasi mpaka nikachoka.

Ijumaa iliyopita alikuja tena na picha mpya. Phoebe kavaa sare ya shule, mlangoni pale pale. Safari hii niliichapisha kubwa zaidi. Mlango kumi, kwa hiyo mara ishirini. Mtoto tano na nusu. Nikazidisha, nikapata mia moja na kumi.

Nikapima upya, nikidhani macho yameanza kuchoka. Mia moja na kumi. Na mimi mdomo wangu hauna breki.

"Mama Phoebe, huko mtoto mnamlisha nini? Mwaka mzima hajaongezeka hata nusu sentimita."

Alicheka. Kisha akanisogezea ile karatasi.

"Pima tena, Fundi."

"Nimepima mara tatu. Hii picha ni ya zamani."

"Si ya zamani. Cyrus alinitumia Jumapili."

Cyrus ni mdogo wake, anaishi na mama yao, na ndiye mwenye simu nyumbani. Nikamuuliza Winfred mara ya mwisho kuongea na mtoto ilikuwa lini. Akanijibu huku akiikazia macho ile karatasi. Februari aliambiwa Phoebe amepata nafasi shule ya bweni, na huko simu haziruhusiwi. Likizo ya Aprili, Phoebe alikuwa kwa shangazi. Ya Agosti, mtandao ulisumbua. Aliyataja moja baada ya jingine, sauti ikizidi kushuka. Nilitamani niyameze maneno yangu. Sote hapa tunajua watu wa nyumbani wanavyotuficha misiba mpaka mkataba uishe, eti tusije tukachanganyikiwa ugenini.

Akapiga simu, akaweka spika.

"Cyrus, simamisha Phoebe kwa mlango umpime saa hii. Shule si zimefungwa?"

"Winnie... Mami alisema tungoje umalize mkataba."

"Mngoje nini?"

"Alishikwa na homa. Siku tatu tu. Tulimzika Februari."

Nilimsogezea kiti, hakukiona. Nilimchukia Cyrus, kisha nikajichukia mimi na hesabu zangu, maana mtu alikuja kutafuta gauni nikampa msiba. Kwenye simu Cyrus alikuwa akiita jina la dada yake. Mwishowe Winfred akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mlimvalisha nini?"

"Ile nyekundu ya Krismasi. Aliipenda sana hiyo."

"Ilikuwa bado inamtosha?"

"Ilimtosha, dada."

Ndipo alipoketi chini. Nikakaa naye sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, tukalia wote wawili.