Hodi ya Tatu kwa Mlango Uliochorwa

Jana, usingizi wa kailula uliponichukua baina ya adhuhuri na alasiri, niliota nimeitwa katika baraza la mji ulio ndani ya mchezo wa kompyuta. Ni mchezo wa vita, ambamo mchezaji huzurura apendako. Toleo la pili lilikuwa likiundwa, na wajumbe walikuwa wakibishana juu ya mambo mapya ya kutiwa.

Mwenyekiti alikuwa Ramani. Alijikunjua, akanisalimu kwa adabu.

"Shikamoo, maalim. Nafasi imebaki moja, na kura zimelingana. Tumekuita kwa kuwa hujapata kucheza, hivyo huna upande."

"Marahaba," nilijibu, nikakaa. Sikuona ajabu.

Wa kwanza kuidai nafasi ile alikuwa Pikipiki mwenye mabawa.

"Wachezaji wananililia, mzee wangu. Wataruka juu ya mapaa, ardhi hawataigusa tena."

Wa pili ni mwanamke wa makamo, Bi Mwanakheri, mpita njia wa toleo la kwanza. Anasimama, anajitanda vizuri, anasema:

"Nipishe nirudi kwangu, giza limeshaingia."

Ilikuwa saa saba ya mchana. Nikahesabu kwa vidole, kama ada yetu watunzi wa mashairi: mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mstari hauna kasoro. Nikamwomba alete wa pili.

"Nipishe nirudi kwangu, giza limeshaingia."

"Hana mwingine," Ramani akaninong'oneza. "Waundaji walimpa huo tu. Mwaka wa sita huu anauzunguka mtaa mmoja akirudi nyumbani, na mlango wa nyumba yake ni mchoro wa rangi ya kijani ukutani. Anaomba milango ifunguke."

"Kwa nini ulichorwa?"

"Wachezaji wangeuvunja kwa mateke."

Nikawaambia kwamba mlango hauna haja ya teke. Hubishwa hodi mara tatu, kwa kituo. Mwenyeji asipoitikia, mgeni hurudi alikotoka, wala hachungulii.

Pikipiki akacheka hata mabawa yakagongana. "Maalim! Mwenye bunduki abishe hodi? Adui zake watakufa kwa kicheko!"

"Basi hiyo ni silaha mpya," Ramani akasema, akaandika. "Lakini ijaribiwe. Hodi tatu zikipita bila mlango kufunguka, nafasi ni ya Pikipiki, na Bi Mwanakheri atazunguka milele."

Mara ukumbi umekuwa mtaa, nami nimesimama mbele ya ukuta. Nagonga mchoro kwa vifundo vya vidole.

"Hodi!"

Kimya. Nangoja kadiri ya kusoma Alhamdu moja. Nagonga tena.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Pikipiki ameanza kunguruma.

Ndipo ninapoliona kosa langu. Mwenye nyumba hii ni mmoja tu, naye yupo nyuma yangu. Nimekuwa nikiomba idhini kwa nyumba tupu. Naupa mlango mgongo, namwelekea yeye.

"Hodi kwako, Bi Mwanakheri."

"Nipishe..." anaanza, kisha anajizuia. Jasho linamtiririka. Pikipiki amezima injini ili asikie.

"Karibu," anasema.

Mizani tatu tu, na sijapata kusikia utungo uliotimia kama ule.

Mlango unafunguka. Bi Mwanakheri anavua viatu, anaingia, anakaa kitako. Pumzi aliyoishusha ilisikika mtaa mzima.

"Imepita," Ramani akatangaza.

Pikipiki naye akashusha pumzi. "Afadhali," akakiri. "Mimi kuwa juu hunitia kizunguzungu."

Niliamshwa na adhana, kifua changu chepesi kama pamba. Nilipoinama kutia udhu, niliona vifundo vya mkono wangu wa kulia vina rangi ya kijani, mbichi bado, na maji hayafiki kwenye ngozi yenye rangi. Nikamwomba mke wangu mafuta ya taa niisugue.

Akaushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku. "Bwana, umepaka nini tena usingizini?"

"Sikupaka," nikamjibu. "Nimebisha."