Bwawa la Profesa Lüttich

Profesa Lüttich, mkuu wa maabara yetu ya lugha hapa Kassel, Ujerumani, amekula mshahara miaka nenda rudi kwa wazo moja tu: kwamba Mjerumani akiona neno refu, ubongo wake hulikata vipande, lakini mgeni hulimeza zima kama kidonge. Ildikó Szántó, Mhungari, aliwapima wageni kwa kofia ya nyaya ya kupimia ubongo akakuta nao wanakata. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na wa kuuongeza ni Lüttich peke yake. Maskini, akamwonyesha matokeo.

"Bibi Szántó, mashine yako inakudanganya," alisema Lüttich, akijipakulia keki ya plamu ambayo hakuichangia. "Hebu nivike mimi hiyo kofia, uone ubongo wa mzawa."

Tukamvika. Kichwa chote hicho, jeli ikimchuruzika hadi masikioni. Kazi ilikuwa kusoma kwa sauti sentensi zinazopita upesi kwenye skrini. Ikapita moja: mvua ilipozidi, walifungua Staubecken. Mtoto wa shule anajua hayo ni mabwawa: Stau, maji yaliyozuiwa, Becken, beseni. Lüttich akakata pasipokatwa: Staub, vumbi, Ecken, pembe.

"Mvua ilipozidi, walifungua pembe za vumbi," alisoma, kwa sauti ya mhubiri.

Nilijifanya nakohoa. Ildikó hakucheka, yeye alikuwa na cha kupoteza. Akamwonyesha kosa lake taratibu, kwa adabu zote.

"Kosa gani?" Lüttich alisema. "Ubongo wangu umeona njia mbili. Huo ni utajiri. Mgeni angeona moja."

"Wageni wote walisoma mabwawa, Profesa."

"Si ndiyo nasema? Wamemeza."

Mtu wa namna hii utamfanya nini? Nilikuwa namdharau tangu zamani. Siku ile nikamdharau kwa raha zangu. Mkataba hakuuongeza. Siku ya mwisho ya Ildikó, Lüttich alimwandikia ubaoni, hata salamu hakuna: kabla hujaondoka, safisha Staubecken.

Jioni akaja kukagua. Akapitisha kidole nyuma ya kabati, kikatoka cheusi kwa vumbi.

"Bibi Szántó, si nilikuandikia usafishe?"

Ildikó alikuwa ameshavaa koti.

"Nimezunguka jengo zima, Profesa," alisema. "Hamna bwawa."