Siku Mia Moja za Kijani

Mzazi hodari kuliko wote katika shule yetu alikuwa mimi, nami sina mtoto pale. Kichekesho hicho kingenifurahisha sana kama kingempata mtu mwingine.

Naitwa Tan Suqin. Nafundisha jiografia katika sekondari ya mji mdogo wa wilaya, huku milimani, na juu ya hayo nimepewa darasa la kulea. Maana yake wanafunzi hamsini na wanne wakikohoa, mimi ndiye naulizwa dawa iko wapi. Septemba tuliletewa mfumo mpya wa kwenye simu. Kila asubuhi naandika mbele ya jina la kila mtoto "Yupo". Mlezi wake, popote alipo, anabonyeza "Nimeona", na jina linageuka kijani. Yote hayo yawe tayari kabla ya saa moja na nusu. Jina lisilokamilika linabaki jekundu, na mwalimu wake anatajwa kwenye kundi la walimu, mbele ya watu wote, na naibu mkuu wa shule, Mkuu Geng.

Mkuu Geng hatukani mtu. Anaandika tu: "Mwalimu Tan, hamsini na tatu?" Ile alama yake ya kuuliza ilikuwa inaniharibia chai ya asubuhi nzima.

Wa hamsini na nne alikuwa Shu Caiping, msichana wa miaka kumi na saba, mpole, mwandiko mzuri, hesabu hamna. Mama yake yuko pwani katika kiwanda cha zipu, ambako simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Bibi yake anayeishi naye ana simu ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea basi. Mfumo haukutaka kusikia habari za vitufe. Siku ya kumi ya kutajwa hadharani nikachoka. Nikaitoa simu yangu kuukuu kwenye droo, nikaifuta namba ya bibi, nikaweka yangu. Tangu siku hiyo nikawa naandika "Yupo" kwa mkono wa kulia na "Nimeona" kwa mkono wa kushoto.

Mzee Pu wa hesabu, ambaye meza yake imeshikana na yangu, aliniona.

"Hongera, umepata mjukuu."

"Nimepata usingizi."

"Angalia tu usije ukadaiwa mahari akiolewa."

Acheke atakavyo, lakini yeye mwenyewe alikuwa na walezi wanne kwenye droo yake. Sisemi hivi kujitetea. Nasema ili ijulikane kwamba hakuna aliyeona ni dhambi. Tuliona ni kazi, kama kufuta ubao.

Basi darasa langu likawa kijani. Siku kumi, siku thelathini, siku sitini. Mkuu Geng akaanza kunitumia picha ya kidole gumba, ile ya pongezi. Nitasema kweli, nilikipenda kile kidole gumba. Miaka ishirini na mbili nimefundisha mvua na miamba bila mtu kuniambia ahsante.

Siku ya themanini na moja Caiping alikuja mezani kwangu kabla ya kipindi cha kwanza.

"Mwalimu, naomba siku tatu. Bibi anaumwa."

Ruhusa halali inaombwa kwenye mfumo, na jina linakuwa la manjano. Manjano si kijani. Nikatazama simu, nikamtazama yeye.

"Nenda," nikasema. "Huku nitajua la kufanya."

Akasimama kidogo, kama aliyekuwa na neno jingine. Mimi nilikuwa nasahihisha ramani. Akaondoka.

La kufanya nililijua vizuri mno. Siku ya kwanza nikaandika "Yupo", na ya pili, na ya tatu. Ya nne hakuja, nikajiambia bibi hajapona. Ya sita nikajiambia atakuja Jumatatu. Ukisema kweli siku ya kumi, unaulizwa na hizo tisa ulikuwa wapi. Maji nilikwisha kuyavulia nguo. Kumpigia bibi nilitaka, lakini namba yake haikuwapo kwenye mfumo, na aliyeifuta ni mimi. Kiti chake kilikuwa safu ya tatu, karibu na dirisha. Nikajifunza kufundisha nikitazama upande wa mlango.

Siku ya tisini na saba Mkuu Geng akaniita ofisini. Alikuwa amesimama, amefurahi kama bwana harusi.

"Mwalimu Tan, Ijumaa ni siku ya mia moja. Wakaguzi wa wilaya wanakuja. Darasa lako linapewa bendera."

"Ahsante, Mkuu."

"Bado! Tunamtuza na mzazi wa mfano. Mfumo umemchagua wenyewe, sikutia mkono. Mlezi anayejibu haraka kuliko wote shule nzima." Akageuza kompyuta yake nione. "Bibi yake Shu Caiping. Miaka sabini na sita! Wastani wa sekunde arobaini! Mimi mke wangu nikimwandikia hanijibu kwa sekunde arobaini."

Nikashika kiti.

"Bibi mgonjwa, Mkuu. Hawezi kuja."

"Mgonjwa? Leo asubuhi kajibu kwa sekunde ishirini na nane."

"Anakaa mbali. Mlimani."

"Basi mfuate. Avae vizuri, aseme maneno mawili tu, kwamba mfumo umemleta karibu na mjukuu wake. Na Caiping asimame pembeni yake, wapigwe picha." Akanitazama. "Caiping yupo, sivyo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, hakukuwa na mtu mwingine, na yeye mwenyewe alikuwa ameniuliza.

"Yupo," nikasema.

Kesho yake mchana nikapanda basi mpaka mwisho wa lami, nikapanda mlima kwa miguu. Desemba kule ukungu haupandi wala haushuki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwomba bibi aje. Nitamchukua Caiping hata kama ni kwa kumburuta, nitamketisha safu ya tatu, na siku kumi na saba zile zitajifukia zenyewe. Mpango ulikuwa mzuri. Ulihitaji tu kwamba bibi awe anaumwa kweli.

Nilimkuta mlangoni anavunja kuni kwa goti. Mzima kuliko mimi. Hata hivyo nikampa pole ya ugonjwa.

"Nani kasema naumwa?" akaniuliza. "Mwenye kunisemea maradhi ayapate yeye. Wewe nani?"

"Mwalimu wa Caiping, Bibi."

Kuni zikamwanguka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniingiza ndani kwenye jiko la mkaa, na kabla sijasema neno alikwisha kunipikia mayai mawili ndani ya maji ya sukari, kama mgeni wa harusi. Nikayala.

"Nilijua mtakuja," akasema. "Nilimwambia yule mtoto, shule haitupi mtu. Yeye akasema, 'Bibi, kwa alama mimi ni wa hamsini na moja katika watu hamsini na wanne. Mama anasema mashine ya jirani yake ina nafasi. Acha niende nijaribu. Lakini shule wakipiga kuniulizia, niambie, nitarudi siku hiyo hiyo.'" Akachomoa simu yake ya vitufe kifuani. "Nalala nayo hii. Naenda nayo chooni. Wiki mbili na ushei, Mwalimu. Hata wa kukosea namba hajapiga."

Sikumwambia namba ilikwenda wapi. Nikamwomba ampigie Caiping. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa wanapomaliza zamu, wakarudishiwa simu na kwenda kula. Iliita mara moja tu.

"Bibi! Wamepiga?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Caiping, ni mimi. Mwalimu Tan. Niko kwenu."

Nyuma yake niliwasikia wasichana wanagombania sahani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe. Rudi, mwanangu."

"Lakini mimi nipo." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nilipofika huku mama alinipa simu. Nikaingia kwenye mfumo kwa namba yangu ya mwanafunzi. Kila asubuhi naufungua kabla hatujafungiwa simu. Nipo, kijani. Siku ya kwanza nilifurahi, nikasema Mwalimu ananifichia. Siku ya nne nikasema leo wataandika sipo, maana ruhusa imekwisha. Nikangoja. Kijani. Kila siku nangoja, Mwalimu. Nilitaka siku moja tu iandikwe sipo. Nikadhani labda kule kweli hawajaona kama kuna kiti kitupu."

"Niliona," nikasema.

"Ulijua kama sipo?"

"Nilijua."

Laiti angelia, au angenitukana. Bibi yake alikuwa ananitazama kwa macho yenye matumaini, maana hakuwa anasikia upande wa pili.

Nikatoa simu yangu mfukoni. Nikafungua siku ile, nikatafuta jina, nikafuta "Yupo", nikaandika "Hayupo". Jina likawa jekundu. Siku ya tisini na nane, hamsini na tatu.

"Fungua mfumo sasa hivi," nikamwambia. "Tazama."

Nikasikia pumzi yake. Kisha nikasikia ameziba mdomo kwa mkono.

"Nyekundu," akasema.

"Ndiyo. Hupo, na sisi tunajua hupo, na tunakutaka."

Wakati huo huo simu yangu ikaanza kutetemeka mkononi. Mkuu Geng. Nikamwacha atetemeke.

"Mwalimu, hapa kuna tangazo. Siku mia moja, wakaguzi, bendera. Watakufanyaje?"

"Hilo niachie mimi."

"Watakufukuza?"

"Sijui, Caiping. Labda."

Akafikiri. Ni mtoto mwema, hilo nilikuwa nalijua siku zote. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi kumsahau.

"Basi irudishe kijani, Mwalimu. Nimeshaiona. Inanitosha."

Nikasema, "Usiseme hivyo, mwanangu." Lakini kabla ya maneno hayo niliachia pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Sikuiita. Ilitoka yenyewe. Nafuu ilinipitia mwili mzima, na simu ya bibi ni ya zamani, inabeba kila kitu. Aliisikia. Najua aliisikia kwa sababu alisema, "Haya, Mwalimu, kwaheri," kwa adabu kabisa, na akakata. Nikapiga tena na tena. Hakupokea.

Jina sikulirudisha. Nilishuka mlima nikiwa nimelishikilia jekundu, nikijiambia angalau hilo. Kufika kwenye lami nikatazama. Lilikuwa kijani. Mkuu Geng ana ufunguo wa mfumo kwa madarasa yote.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwake, nikamweleza kila kitu, droo na simu na siku zote kumi na nane. Alisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Niandikie barua ya onyo," nikamwambia. "Nihamishe. Lakini andika kwamba mtoto hayupo."

"Nitaandika kosa gani, Mwalimu Tan?" Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyekabwa. "Nikiandika ulidanganya, nimekiri nilipeleka uongo wilayani siku kumi na nane. Na wilaya imeshaupeleka juu. Unadhani mimi ninalala?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yupo."

Ijumaa bendera ilikuja. Mzazi wa mfano akawa baba mmoja mwenye duka la matairi, wa pili kwa haraka. Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe ofisi ya elimu ya wilaya. Karani alikuwa anakula mbegu za alizeti. Akaandika jina kwenye kompyuta yake, akanigeuzia kioo nisome. "Mwanafunzi unayesema amepotea mbona yupo?" akaniuliza. "Tena hajakosa hata siku moja. Ungekuwa na wanafunzi kumi wa namna hii, ungeshukuru."

Namba ya Caiping haipatikani tena. Bibi anasema huwa anapiga Jumapili, anauliza habari za kuku, na bibi akitaja shule, anauliza tena habari za kuku.

Mimi bado nina darasa lile. Hawawezi kuniondoa bila kusema kwa nini, nami siwezi kuondoka nikamwachia mtu mwingine kuandika. Kila asubuhi saa moja kamili naandika "Hayupo" mbele ya jina la Caiping. Ofisini wanaona, wanarudisha "Yupo". Hatuambiani neno. Nikikutana na Mkuu Geng ukumbini tunasalimiana, tunaulizana afya. Mzee Pu anasema nimekuwa kichaa, kisha ananiachia chai yake.

Katikati ya mkono wangu na wao kuna dakika kadhaa, ambazo jina lake ni jekundu. Ndizo dakika kabla hawajafungiwa simu kule pwani. Siku nyingine ni dakika mbili, siku nyingine tatu. Leo zilikuwa sita.