Waliolala Kwenye Nyasi

Kabla ya kuja kuchuma chai Kiptere, huko Kericho, Dolphine Akeyo alikuwa fundi cherehani Nairobi, ghorofa ya tatu, karibu na pale bomu lilipolipuka mwaka wa tisini na nane. Alipotoka huko hakurudi tena. Watu wakimuuliza kwa nini alihamia milimani, alijibu kwamba chai haina kelele.

Rebeccah na Chepchumba, wenzake wa kwaya, walikuwa hawajawahi kuuona mji mkuu. Waliposema wanataka kwenda wikendi, wajionee mahali nchi ilipoumia, Dolphine alisikia mdomo wake ukisema, "Nitawapeleka."

Jumamosi walitembea mjini kama watu walio ndani ya ndoto. Majengo ya vioo yalikuwa yamebeba mawingu. Barabara alizozijua zilimpita kama jamaa waliomsahau.

Mchana wakafika kwenye bustani ya kumbukumbu ya waliouawa na bomu lile. Dolphine aliingia langoni akaona watu wamelala chini, huku na huku, kwenye nyasi zote. Akashika lango. Akaonja vumbi la siku ile.

"Wamekufa," alinong'ona.

"Wamelala tu, Dolphine," Rebeccah alisema, akimshika kiuno. "Hebu angalia."

Kijana mmoja alijikuna mguu. Mama mmoja akageuka, akavuta leso usoni, akaanza kukoroma.

Dolphine alipita katikati yao polepole, akisikiliza pumzi zao. Mwishowe akaketi, kisha akajinyoosha. Usingizi ukamchukua pale pale. Wenzake wakamkinga na jua kwa mwavuli.

Alipoamka, kivuli cha jengo kilikuwa kimewafikia.

"Nilikuwa na rafiki," alisema. "Winny. Tulikuwa tunashona pamoja. Kelele ya kwanza iliposikika, yeye ndiye aliyekimbia dirishani kuangalia ni nini. Kisha bomu likalipuka."

Chepchumba alifuta macho. Rebeccah akauliza, "Alikuwa mtu wa aina gani, huyo Winny?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Mchokozi!" Dolphine akacheka. "Mteja akinenepa, Winny anamwambia, 'Pole mama, cherehani yetu imekula kitambaa.'"

Walicheka hadi waliolala wakainua vichwa.

Jumapili walirudi nyumbani, na njia nzima Dolphine alisimulia. Walipofika kwenye ukungu wa Kericho, Chepchumba alikuwa amelala begani kwake. Dolphine akanyamaza.

"Endelea," Rebeccah akasema. "Mimi nasikia."

Akaendelea.