Mkanda wa Saba

Masanduku yalikuwa yakikwama tangu asubuhi. Kila lilipokwama moja, Bibiche aliingiza mkono kwenye mwanya wa mkanda, akalichomoa, akautoa mkono kabla rola za chuma hazijaudaka. Wote walifanya hivyo katika ghala lile la mji wa Mesquite. Zamani mwanya ulizibwa kwa bati. Wafanyakazi wenyewe ndio waliolifungua, maana lilichelewesha kazi, na ukichelewa ile saa ya plastiki mkononi inawaka nyekundu na kukutetemesha kifundo. Wakubwa waliliona bati limeegemezwa ukutani, wakanyamaza. Kasi ilipopanda, wakapandisha kiwango cha masanduku kwa saa. Sasa hakuna ambaye angeweza kukifikia bati likirudishwa.

Juu ya vichwa vyao ilipita kamba ya kusimamisha mkanda. Ukiivuta, jina lako linatokea kwenye skrini kubwa ya mlangoni, na wenzako wote wa mkanda wanashushwa alama. Mwenzao Élodie aliivuta wiki ya Pasaka, skafu yake iliponaswa. Wenzake wakaacha kumsalimia. Jumatatu iliyofuata beji yake ikakataa kufungua mlango.

"Mama Shalom, imekwama tena," Siméon, aliyefanya kazi upande wa pili wa mkanda, alimwambia Bibiche. Walitoka Uvira wote wawili, wakasali kanisa moja, na Siméon ndiye aliyepiga gitaa la kwaya. "Wacha mi nitoe."

Akatia mkono hadi kiwiko. Rola zikadaka glavu.

Bibiche alisikia kwanza mlio mkavu, kama ubao unaovunjwa gotini, ndipo akasikia ukelele. Hakuiwaza skrini. Aliruka, akaivuta kamba kwa mikono miwili.

Mkanda ukasimama. Siméon alikuwa ameinamia rola, shavu limebanwa kwenye chuma. Damu ilidondokea sanduku la chakula cha paka.

"Usitikisike, kaka. Niko hapa. Usitikisike."

Msimamizi wao, Ubeid, kijana wa Mombasa, alikuja mbio simu sikioni. Mikanda iliendeshwa kutoka ofisi iliyoko mji wa Irving, ambako mtu mmoja aliangalia maghala kadhaa kwenye kompyuta. Kwake, mkanda wa saba ulikuwa alama nyekundu tu, inayotakiwa kurudi kijani.

"Msiiwashe! Kuna mtu ndani!" Ubeid alipiga kelele simuni. Kisha akamtazama Bibiche, macho yamemtoka. "Wameniweka hold. Wallahi, inapiga muziki."

Mkanda ukaanza kwenda.

Safari hii sauti iliyomtoka Siméon haikuwa ya mtu. Rola zilimvuta hadi begani, miguu yake ikaacha sakafu. Bibiche aliivuta kamba tena. Ikamlegea mikononi, haifanyi kitu. Akanyakua nondo ya kufungulia makreti, akalivamia kabati la umeme lililokuwa chini ya mkanda. Akalipiga. Akalipiga tena, mfuniko ukaruka, cheche zikamchoma shingoni, naye hakuacha, hata rola zilipokuwa zimeshakufa alikuwa bado anapiga, mpaka Ubeid akamkumbatia kwa nyuma na kumnyang'anya chuma.

Mikanda mingine haikusimama. Kwenye mkanda wa sita mwenzao Kethia alikuwa akilia waziwazi, machozi yanadondoka, na mikono yake inapanga masanduku.

Zimamoto walikata rola kwa msumeno. Walipompandisha Siméon kwenye ambulensi, Ubeid alimshika Bibiche mkono mlangoni.

"Dada, nisikize. Kamera imemuonyesha akitia mkono mwenyewe. Ukisema system iliwashwa, watauliza nani amevunja lile kabati. Sema aliteleza. Mimi pia nna watoto."

"Wewe ulikuwa kwa simu, Ubeid. Ile muziki uliisikia."

Bibiche akapanda.

Mhudumu wa ambulensi, mwanamke mwenye mikono myepesi, alikuwa akikaza bendeji pale mkono ulipoishia. Siméon hakujua Kiingereza, kwa hiyo mhudumu akamgeukia Bibiche: amuulize ilikuwaje.

Bibiche akamuuliza.

Midomo ya Siméon ilikuwa ya kijivu. Alimshika Bibiche vidole kwa mkono uliobaki. "Umwambie niliteleza."

"Kaka..."

"Niliteleza. Nakuomba, Mama Shalom. Batanifukuza."

"Na mkono mumoja batakupa kazi gani?"

"Umwambie vile nasema!"

Miaka yote Bibiche aliwatafsiria watu wa kanisa, kliniki, shuleni, mahakamani. Hakuwahi kuongeza wala kupunguza neno la mtu, na kwa hilo walimwamini kuliko mchungaji. Gari likapiga king'ora na kuingia barabara kuu.

"Anasema," Bibiche alianza kwa Kiingereza, akasita. "Alitia mkono kutoa sanduku. Sisi wote tunafanya hivyo, wanatuona. Mimi nilisimamisha mashine. Wakaiwasha tena, naye yumo ndani."

Mhudumu akaacha kufunga. "Nani aliiwasha?"

"Mtu wa ofisini, Irving. Kwa kompyuta."

Neno Irving Siméon alilielewa. Alimkazia macho Bibiche, kisha akaviachia vidole vyake na kugeuza uso upande wa ukuta.

Mhudumu alichukua kalamu, akamwomba arudie polepole.

Bibiche akarudia.